Kijitabu cha kayongo na kijana wa fotokopi: jinsi ya kuifungua kazi ya ofisi ya umma

Kijana wa fotokopi alikipindua kijitabu, akasoma nyuma ya jalada, akakirudisha kaunta. "Mama, hiki siwezi. Kimeandikwa haki zote zimehifadhiwa. Juzi jirani yangu hapa alibebewa mashine kwa sababu ya vitabu vya shule." Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa ametoka mashambani na matatu ya alfajiri, hela za kikundi zimefungwa kwenye pindo la leso. Alitaka nakala 30 za kurasa 24. Hapo ni Kondele, Kisumu, mwaka 2018. Kijitabu chenyewe kilikuwa cha kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalojishika kwenye mizizi ya mahindi na kuyanyonya mpaka yadumae. Na yale maneno ya nyuma ya jalada niliyaandika mimi.

Niliyatoa wapi? Niliyanakili kutoka kitabu kingine kilichokuwa mezani. Nilikuwa afisa mawasiliano wa idara ya kilimo katika kaunti moja ya huku magharibi, na nilidhani sentensi ile ni kama nambari za kurasa, kitu ambacho kila chapisho sharti liwe nacho. Walioandika kijitabu walilipwa na umma, karatasi ilinunuliwa na umma, kisha mkulima aliyetaka kukinakili kwa hela yake mwenyewe akafukuzwa na sentensi yangu. Nilirudi ofisini nikaanza kuuliza maswali. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza, na nawaandikia hasa wale walioketi kwenye dawati kama lile langu.

Kufuta sentensi hakutoshi

Wazo la kwanza la kila mtu ni kufuta tu yale maneno kwenye toleo lijalo. Mimi pia niliwaza hivyo. Lakini hakimiliki haisubiri kutangazwa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi ikishaandikwa au kuchorwa na mtu akaitolea jasho, hakimiliki imezaliwa. Kuisajili KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunakupa ushahidi tu, si sharti. Kifungu cha 25 kinataja kabisa kazi zinazofanywa na Serikali au chini ya uelekezi wake: nazo zina hakimiliki, na inadumu kwa miongo. Kwa hivyo kijitabu kisicho na maneno yoyote nyuma ya jalada bado kimefungwa, na kijana wa fotokopi mwenye akili bado atakataa.

Ule usemi wa "cha serikali ni cha wote" nadhani umetufikia kutoka Marekani. Kule, kazi ya mfanyakazi wa serikali kuu haina hakimiliki nchini mwao, ndiyo maana picha za NASA zimejaa kila mahali. Sisi tuko karibu zaidi na Uingereza, ambako hakimiliki ya serikali ipo. Wao hawakuifuta. Mwaka 2010 walitunga leseni yao huria ya serikali, wakasema: mali ni yetu, lakini chukueni mtumie, mradi mtutaje. Njia hiyo inatufaa hata sisi bila kungoja Bunge.

Kuna vitu viwili vya hapa kwetu ambavyo havihitaji leseni ya mtu. Sheria zilizoandikwa na hukumu za mahakama hazihesabiwi kuwa kazi zenye hakimiliki. Katiba unaweza kuinakili hadi asubuhi. Vijitabu, picha, ramani, takwimu zilizopangwa, video za mafunzo, hivyo vyote vinahitaji ruhusa iliyoandikwa.

Anza na penseli

Usianze na mwanasheria. Chukua nakala moja ya chapisho, keti mahali pasipo na simu, na kando ya kila kitu kilichomo uandike kimetoka kwa nani. Huwezi kutoa ruhusa juu ya kitu kisicho chako, na utashangaa ni vingapi si vyako. Cha kwetu cha kurasa 24 kilikaa mezani kwangu wiki mbili, kikatoka na alama nyekundu kama daftari la mtoto wa darasa la pili.

Maandishi yalikuwa rahisi. Maafisa wawili wa ugani waliyaandika wakiwa kazini, na sheria inasema kazi ya mwajiriwa aliyoifanya katika ajira yake huhesabika kuwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Haki ya mwandishi kutajwa hubaki kwake. Kwenye toleo la kwanza hatukuwataja hata kidogo, tuliweka tu picha kubwa ya mkubwa akitabasamu. Kwenye toleo jipya majina yao yako ukurasa wa 2, na mmoja alikuja ofisini kuomba nakala 5 za kupeleka kwao.

Michoro ndiyo iliyonichosha. Mchoraji wa hapa Kisumu alitengeneza michoro 11 akalipwa kwa LPO, yaani hati ya ofisi ya kuagiza kazi au bidhaa, na ile LPO iliandikwa maneno matatu tu: "michoro ya kijitabu". Sheria inasema kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza mkiwa hamkupatana vingine, na ofisi ingeweza kukaa juu ya hilo. Sikutaka. Mtu akishasambaziwa kazi yake nchi nzima halafu aanze kulalamika, hata kama sheria iko upande wako, aibu iko upande wako pia. Nikamwendea na barua ya ukurasa mmoja. Akasoma, akanitazama.

"Kwa hivyo madamu, mtu anaweza kuweka huu mchoro kwenye fulana, auze?"

"Anaweza. Mradi akutaje."

"Na mimi sipati kitu?"

"Hupati. Ulishalipwa na kaunti, na jina lako litatembea."

Alinyamaza kidogo, kisha akasaini kwa michoro 9. Miwili alisema ameshaitumia kwenye kazi ya mteja mwingine na hawezi kuiachilia. Basi hiyo miwili ikabaki nje, na tukaandika wazi kwamba iko nje. Hiyo barua, yenye saini na tarehe, ina thamani kuliko mkutano wowote utakaoitisha. Na ukitaka umiliki wenyewe uhamie kwenu bila shaka yoyote, lazima kuwe na maandishi na saini ya anayehamisha. Neno la mdomo halihamishi hakimiliki Kenya. Siku hizi ningekushauri uliandike jambo hili ndani ya kandarasi kabla mchoraji hajashika kalamu: kazi ni ya kaunti, na itatolewa kwa leseni huria. Ni sentensi mbili tu, na zingeniokolea safari tatu za bodaboda.

Ramani ya ukurasa wa 3 ilikatwa kutoka ramani ya Survey of Kenya, wapimaji wa serikali kuu. Nikasema, si nao ni serikali? Ni serikali, lakini serikali haina mfuko mmoja. Idara yako haina mamlaka ya kuachilia kazi ya idara nyingine, sembuse ya serikali nyingine ngazi ya juu. Tuliitoa, tukachora nyingine kwa data ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo inakuruhusu ukiwataja wachangiaji wake.

Ukurasa wa 9 ulikuwa na picha nzuri sana ya shamba lililovamiwa, iliyopakuliwa na mwanafunzi wa mafunzo kazini. Wapi? Hakukumbuka. Nje. Jedwali la ukurasa wa 17 tulilinakili kutoka kwa watafiti. Namba zenyewe hazina mwenyewe, ila mpangilio na maelezo yanaye. Tukalitengeneza letu, tukasema namba zimetoka kwa nani.

Halafu ukurasa wa 14. Picha nilipiga mwenyewe kwa kamera ya ofisi: mama mmoja akicheka katikati ya mahindi yake, mtoto mgongoni. Hakimiliki ni ya ofisi, hapo hakuna ubishi. Lakini uso ni wao. Leseni huria hushughulikia hakimiliki tu, haigusi haki ya mtu juu ya sura yake, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 suala la mtoto ni zito zaidi, idhini ya mzazi inatakiwa. Nilirudi kijijini wakati wa kuandaa toleo jipya. Mama alinikaribisha uji, akaitazama picha, akasema, "Mimi niweke tu. Mtoto usiweke, babake hatapenda." Tukapiga nyingine hapo hapo, mikono yake tu, inang'oa kayongo kabla halijachanua. Kusema kweli ni picha bora kuliko ile ya kwanza, kwa sababu inaonyesha kazi yenyewe: gugu moja likiachwa litoe mbegu linamwaga maelfu, na zinalala udongoni miaka.

Mwisho wa penseli ni nembo. Nembo ya kaunti usiifungue. Iandike kando kabisa kwamba haimo.

Barua chini ya birika

Wewe afisa huwezi kusaini ruhusa hii, hata kama kijitabu ulikipika mwenyewe. Mwenye mamlaka ni mkuu wa idara anayewajibika kwa mali yake. Kwetu ni afisa mkuu, naye hasaini bila mwanasheria wa kaunti.

Mwanasheria wetu hakuwa mtu mbaya. Aliniuliza swali moja: "Madamu, unataka nigawe mali ya umma bila zabuni?" Nilimcheka moyoni, kisha nikasoma nikaona ana hoja. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inapotaja mali ya umma haiishii kwenye magari na viti, inataja pia haki za ubunifu zilizo mikononi mwa serikali. Ukimjibu kwa hasira utashindwa. Mjibu kwa tofauti hii: kuuza au kuhamisha ni kitu kimoja, kuruhusu ni kingine. Leseni huria haimwondolei kaunti chochote. Umiliki unabaki, kaunti inaweza kuendelea kukichapisha, hata kukiuza ikitaka, na hakuna mtu anayepewa haki ya peke yake. Hicho cha mwisho ndicho cha hatari. Kumpa mfanyabiashara mmoja haki ya kipekee bila ushindani, huko ndiko kugawa mali ya umma.

Niliyaweka hayo kwenye barua ya ukurasa mmoja. Akaongeza sentensi mbili zake, kuhusu nembo na kuhusu kaunti kutowajibika kwa makosa ya matoleo ya watu wengine, akapeleka juu. Kutoka barua hadi saini ilichukua miezi 4, miwili kati yake barua ikiwa chini ya birika la chai la mtu. Fuatilia. Nenda asubuhi, kabla ya chai.

Uchague leseni gani

Usitunge yako. Ofisi nyingi hupenda kuandika "ruhusa inatolewa kwa matumizi ya elimu kwa idhini ya idara", na hiyo ni kufunga mlango kwa mkono mwingine. Tumia leseni huria zilizokwisha kuandikwa na shirika la Creative Commons, toleo la 4.0 la mwaka 2013, zinazojulikana dunia nzima. Ziko sita, na kwa kazi iliyolipiwa na umma ushauri wangu ni moja tu: CC BY, inayodai kutajwa na basi.

Wakubwa watakuvuta kwenye zile zenye herufi NC, zinazozuia matumizi ya kibiashara, kwa sababu hawataki "mtu atajirike na kazi yetu". Mwambie mkubwa wako amfikirie kijana wa Kondele. Yeye ni mfanyabiashara. Anatoza shilingi kwa kila ukurasa. Ukiweka NC, mtu yule yule aliye karibu zaidi na mkulima ndiye wa kwanza kuogopa. Redio ya kijijini yenye matangazo ya mbolea nayo itaogopa.

Zile zenye ND, zinazokataza kubadilisha, ni mbaya zaidi kwetu. Kutafsiri ni kubadilisha. Kijitabu cha Kiswahili kikiwa na ND hakuna atakayekitafsiri kwa Dholuo, Lubukusu wala Kinandi bila kuja kupiga foleni ofisini kwako.

Hofu halali niliyokutana nayo ilikuwa ya afisa wa mimea: je, mtu akibadilisha kipimo cha dawa na jina letu likiwa bado juu? CC BY ina majibu matatu. Anayebadilisha lazima aseme amebadilisha. Haruhusiwi kuonyesha kana kwamba ninyi mmeidhinisha alichofanya. Na mnaweza kumtaka aondoe jina lenu kwenye toleo lake, naye kadiri inavyowezekana aondoe. Mtu mbaya hasomi leseni, hilo najua, lakini mtu mbaya hakuwa akisoma "haki zote zimehifadhiwa" pia.

Kwa takwimu tupu, kama mvua ya kila mwezi kwa kila wadi, wengine hutumia CC0, yaani kuachilia kila kitu bila hata kudai kutajwa. Sheria yetu inaruhusu mwenye haki kuzikana, lakini kwa maandishi na hadharani, kwa hivyo barua ya afisa mkuu iseme hivyo waziwazi. Jambo moja la kukumbuka kabla ya saini yoyote: leseni hizi hazirudishwi. Unaweza kuacha kukisambaza kijitabu kesho, lakini aliyekwisha kukipata na ruhusa yake ameshapata.

Programu za kompyuta usiziwekee Creative Commons, zina leseni zake kama MIT na GPL. Mbegu na uvumbuzi, kama mahindi yaliyozalishwa na KALRO, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo, au kifaa kilichosajiliwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, katika ofisi ya KIPI, ni njia nyingine kabisa yenye sheria zake. Kijitabu kinachoeleza mbegu unaweza kukifungua, mbegu yenyewe hujaifungua.

Maneno yenyewe, na mahali pa kuyaweka

Hivi ndivyo tulivyoandika nyuma ya jalada, kwa Kiswahili kwanza:

"© 2020 Serikali ya Kaunti, Idara ya Kilimo. Kijitabu hiki kimetolewa kwa leseni ya Creative Commons BY 4.0 (creativecommons.org/licenses/by/4.0). Una ruhusa kukinakili, kukitafsiri, kukibadilisha na hata kukiuza, bila kutuuliza na bila kutulipa. Taja idara yetu na waandishi, taja leseni hii, na useme ulichobadilisha. Nembo ya kaunti na michoro ya ukurasa wa 11 na 19 haimo katika ruhusa hii."

Jina kamili la kaunti lilikuwepo, hapa nimeliacha. Usione haya kuandika "hata kukiuza". Bila maneno hayo mtu atadhani kuna mtego.

Kosa langu la pili lilikuwa kuyaweka nyuma ya jalada peke yake. Watu hawanakili kijitabu kizima. Wananakili ukurasa wa 6 hadi 9, zinazoonyesha jinsi ya kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaozuia kayongo, katikati ya mistari ya mahindi na matete pembezoni, ule mtindo wa vuta-sukuma uliotoka Mbita. Au wanapiga picha ukurasa kwa simu na kuutuma kwenye WhatsApp. Jalada hubaki nyumbani. Kwa hivyo weka mstari mfupi chini ya kila ukurasa: jina la idara, CC BY 4.0, nakili bila kuomba.

Halafu toa faili linalofunguka kweli. Nimeona hati za kaunti zilizochapishwa, zikapigwa mihuri, zikaskaniwa zikiwa zimepinda, zikawekwa kwenye tovuti kwa fahari. Hiyo ni picha ya maandishi. Mtafsiri ataanza kuchapa upya. Weka PDF safi, na kando yake faili la Word, na michoro mbalimbali kwenye folda moja. Takwimu ziwe jedwali la kompyuta, si picha ya jedwali.

Kama uko nje ya ofisi

Wewe uliye kwenye kikundi, shuleni au redioni, unaweza kuisukuma ofisi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, kuomba hakulipiwi, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Ikikunyima, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tunayoiita Ombudsman. Ila tambua kwamba sheria hiyo inakupa kuona na kupata nakala. Kuchapisha upya ni ruhusa tofauti. Omba vyote viwili kwenye barua moja, ukitaja chapisho kwa jina na mwaka, la sivyo utaletewa nakala moja nzuri usiyoweza kuifanyia kitu.

Toleo jipya lilipotoka nilikipeleka Kondele mwenyewe. Yule kijana alikipindua, akasoma nyuma ya jalada, kidole kikifuata mstari.

"Wameandika hata kuuza?"

"Hata kuuza."

"Na hamtakuja na polisi?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

Akanyoosha mkono kuomba flashi. Faili bado liko kwenye kompyuta yake, limeitwa "kayongo" tu. Analichapa pande mbili, anapiga stepla, na anauza shilingi 80 kwa akina mama wanaoshuka kutoka matatu za asubuhi.